Kura ya Kutamka kwa Sauti

"Shoga, mumeo kauza kura kwa tajiri wa kondoo," Isobel, jirani yake, alimrushia Effie wakianika nguo. "Mmepewa paja zima au mbavu tu?"

Effie alimkaza mtoto kwenye shali, akaendelea kuanika.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya tajiri huyo, Bwana Laidlaw, na Laidlaw ndiye aliyetaka kiti katika baraza la jimbo la Otago. Barazani humo wenye kondoo walijaa tele, na wakulima wadogo walihesabika kwa vidole. Mpinzani wake alikuwa Tulloch, fundi viatu. Kura haikuwa ya siri: mtu alisimama mbele ya meza, akatamka jina, na Laidlaw akiwa pale pale anasikiliza.

Saa ya kura ilipokaribia, Ebenezer, mumewe, alisimama mlangoni akiipindapinda kofia.

"Nikimtaja Tulloch, leo hii tunatolewa nje."

"Na ukimtaja Laidlaw?"

Ebenezer alimtazama mtoto, kisha akavaa kofia.

"Nifungashie vyombo, mke wangu. Anza na kitanda cha mtoto."