Mgeni wa Heshima Bandani

Kazi inayonilisha ni kundi la wafugaji wa kuku kwenye simu. Kila mwanachama hulipa ada mwanzoni mwa mwezi, na mimi huyajibu maswali yao kutwa nzima: kuku anakohoa, mayai yamepungua, kinyesi kimegeuka rangi. Picha za kinyesi nimetumiwa nyingi kuliko za watoto wa ndugu zangu. Nilianza na majirani wachache wa Kiganjo, nilipoachishwa kazi, na nadhani walilipa kwa kunihurumia tu. Mungu awabariki kwa huruma hiyo.

Kilicholikuza kundi ni ziara. Maneno ya simu yapo bure kila mahali. Mimi nilikuwa nafika mpaka bandani. Sheria nilizitunga mwenyewe, kwa ukali wangu wa kawaida: mabanda mawili hayatembelewi siku moja, na haingii mtu bila kukanyaga dawa kwenye karai la mlangoni, kwa sababu maradhi husafiri na viatu.

Siku moja nilizivunja zote mbili. Asubuhi nilikuwa Ngoliba, kwa mzee mmoja ambaye kuku wake watatu walikuwa wamezubaa. Nikamwambia ni joto. Kutoka huko nikapitia Kiuu, kwa mama mjane aliyefuga nyuma ya nyumba ya kupanga, maana alikuwa ameniomba kwa muda mrefu na nilikuwa nimechoka kumwahirishia. Karai lilikuwepo mlangoni. Aliponiona, alilisukuma kando haraka kwa mguu.

“Ingia tu, mwalimu. Hiyo dawa ni ya watu wa kawaida. Siwezi kukanyagisha wewe kwa karai hapa kwangu.”

Kwetu mgeni wa heshima haambiwi ajisafishe. Nami, niseme ukweli, nilipenda kuitwa mwalimu. Nikaingia.

Baada ya siku chache daktari wa mifugo alisema kuku wa Ngoliba wana kideri, ugonjwa usio na tiba. Wa Kiuu nao wakaanza kupinda shingo. Walikuwa wamebakiza wiki moja wachanjwe. Walikufa wote. Yule mama aliandika kundini kwamba anashuku chakula alichonunua, wenzake wakamlaani muuzaji, na mimi nikasoma nikanyamaza. Nilinyamaza siku mbili. Nani angeendelea kumlipa mtu anayemletea ugonjwa nyumbani? Kundi likivunjika, sikuwa na riziki nyingine. Lakini siku hizo mbili zinaniumiza mpaka leo kuliko kosa lenyewe.

Siku ya tatu nilikwenda Kiuu. Nilisimama nje ya geti nikamwambia kuku wake niliwaua mimi, na kwamba yule muuzaji wa chakula hana hatia. Alinitazama, akafunga geti. Jioni nikawarekodia wanachama maneno yaleyale kwa sauti yangu. Wengine waliondoka bila kuaga, na sikuwalaumu. Mzee wa Ngoliba alibaki, ingawa alikuwa na haki ya kuwa wa kwanza kutoka.

Mwezi ulipoisha nilijiandaa kwa mabaya. Ada ya kwanza kuingia ilikuwa ya yule mama wa Kiuu, ambaye hakuwa hata na kuku mmoja. Nilimpigia kumwambia nitamrudishia.

“Wacha hiyo pesa, mwalimu,” alisema. “Mimi nitafuga tena. Kila mtu mwenye ananiuzia kitu huniambia yake ni poa. Wewe ulikuja hapa kwa geti ukasema ni wewe. Sasa nikikuuliza kitu, nitajua hunidanganyi.”

Badala ya kumshukuru, nikamuuliza banda amelisafisha kwa dawa gani, naye akaanza kunieleza taratibu, na mimi nikimsikiliza huku machozi yakinitoka.