Chonge la Kulia

Aregash alianza kuuza pilipili ya kusaga pale soko la Merkato kabla hajaota mvi, na hakuna mteja aliyewahi kupunguziwa bei bila kutoka jasho. Alipoingia kwa daktari wa kupanga meno, bintiye Wubalem akiwa nyuma amejiziba mdomo kwa shela nyeupe, alianza kama alivyoanza kila mahali.

"Daktari, nirudishie meno ya huyu yakae katikati. Na iwe haraka. Amechaguliwa kuingia kwaya ya kanisa, hataki kufungua kinywa."

"Mama, mimi siuzi vitunguu," alisema Daktari Hirut. "Acha kwanza nipime."

"Vitunguu navyo hupimwa."

Wubalem alicheka, halafu mkono ukawahi mdomoni.

Daktari alimketisha wima, asiegemee. Alisimama nyuma yake akamtazama kwa juu, kisha akaja mbele akavuta uzi kutoka katikati ya nyusi hadi kidevuni. Uzi ulipita ncha ya pua, ukashuka mpaka kidevu bila kuacha njia. Uso ulikuwa sawa. Akamwambia acheke. Hapo ndipo ilipoonekana: meno mawili ya mbele yaliuacha uzi na kuhamia kushoto. Akamng'atisha kijiti cha mbao, akarudi hatua nyuma. Kijiti kililala vizuri, hakikuinama upande wowote.

"Funga taratibu. Fungua. Funga tena."

Taya halikuteleza.

"Mifupa haina kosa," alisema daktari, akiinua picha ya eksirei kwenye mwanga. "Meno yamekimbilia pengo. Chonge la kushoto halipo, hata ndani ya ufizi halipo. Mama, alipokuwa mchanga kuna mtu alimchimba ufizi kumtoa meno?"

Mtu wa biashara anajua kunyamaza. Aregash angeweza kusema hapana na mambo yakaishia hapo. Lakini binti alikuwa anamtazama.

"Alichimbwa. Kwetu kijijini, Gojjam. Walikuwa pacha, yeye na Endale. Wanaharisha, miili ya moto. Mama mkwe akasema ni meno mabaya, yatolewe kabla hayajawaua. Akaitwa mama mmoja, akaja na spoki ya baiskeli."

"Si uliniambia Endale aliuawa na meno?" Wubalem aliuliza.

"Ndivyo nilivyoambiwa. Kwamba tulichelewa kuyatoa."

Daktari Hirut aliishusha picha. "Hayakuwa na ugonjwa, mama. Ni meno ya kawaida, yanajiandaa kuota. Kila mtoto anayo."

Miaka yote Aregash alijilaumu kwa kuchelewa. Sasa alijua kwamba hakuchelewa: kilichomuua Endale ni ile spoki. Mwenye spoki aliitwa mapema, na aliyekwenda kumwita ni Aregash mwenyewe, kwa miguu yake.

"Mbona mimi upande mmoja tu?" aliuliza Wubalem.

"Endale alitangulia. Alichimbwa pande zote. Yule mama alipomaliza upande wako wa kushoto, damu ya kaka yako ilikuwa bado inatoka. Nikamsukuma yule mama, nikamnyanyua Endale. Basi. Hakuna aliyekumbuka kurudi kwako."

Ulimi wa Wubalem ulionekana ukisukuma shavu la kulia kwa ndani, ukilitafuta jino.

Daktari aliuzungusha uzi kidoleni. Kazi ilikuwa bado, na wengine walisubiri nje. "Ulitaka haraka," alisema. "Njia fupi ni kung'oa chonge la kulia. Pande zikilingana, waya utayavuta ya mbele yarudi katikati. Atacheka vizuri."

Hicho ndicho Aregash alichofuata pale, tena kwa masharti yake mwenyewe.

"Hilo halitoki," alisema.

"Mama, ulisema katikati."

"Nilisema."

"Liache, Daktari," alisema Wubalem kwa sauti ndogo.

"Basi njia nyingine ni ndefu. Waya, kisha jino la bandia pale penye pengo. Na siahidi kwamba uzi utakubali hata hapo. Yanaweza kubaki yamehama kidogo."

"Yabaki," alisema Aregash.

Daktari akaandika siku ya kurudi. Aregash hakuomba isogezwe karibu. Mlangoni, Wubalem alijifunga shela yake, akajiziba mdomo kama alivyokuja, na mama yake, ambaye njia nzima ya kuja alikuwa akimwambia aishushe, safari hii alimwacha.