Mbuzi wa Mshairi Mwingereza

Juzi nilikuwa saluni, mtaa wa Hillbrow, nikinyolewa ndevu. Kwenye kiti cha jirani, msusi Mkongomani alikuwa akimsuka mwanafunzi aliyekuwa akisoma kwa sauti, maana alikuwa na mtihani saa nane. Habari yenyewe: mwandishi wa riwaya na mashairi, Mwingereza wa enzi za Malkia Viktoria, alimpuuza mkewe miaka nenda rudi, kisha mke alipofariki, akamtungia mashairi ya mapenzi mpaka basi.

Kitana cha msusi kikasimama hewani.

"Na kwenye matanga, wakwe hawakumtoza faini ya mbuzi kwa kumpuuza binti yao?"

"Mama, kitabu hakisemi."

"Wakamwachia azike bure? Basi sisuki!"

"Eish, Mama! Nina mtihani!" Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imepigwa shoti.

"Utaandika kwamba alistahili kutozwa mbuzi?"

"Nitaandika!"

"Wawili?"

"Wawili, Mama, na jogoo!"

Kitana kikarudi kazini.

Mimi nikaingiwa na woga. Mke wangu yu hai, yuko nyumbani Troyeville, na sijawahi kumtungia hata mstari. Palepale, povu kidevuni, nikamtumia beti mbili za mapenzi kwa simu.

Jibu likaja kabla wembe haujafika shavu la pili: "Baba watoto, daktari amekuambia nini ambacho mimi sijaambiwa?"