Maji kwenye jasi ya Anaeli

Leo nimeomba msamaha kabla sijafa. Nikachekwa.

Enzi za Mwingereza, mimi na Anaeli tulikuwa wasaidizi kwenye maabara ya madini hapa Arusha. Tulipiga fuwele za madini picha za eksirei. Jasi, lile jiwe jeupe la plasta, ikichomwa hupoteza maji, fuwele zake zinabadilika, na mistari kwenye picha inabadilika pia.

Anaeli aliichoma vizuri. Lakini cheo kilikuwa kimoja, nami nilikitaka.

Alipotoka, niliulowesha unga wake wa jasi iliyochomwa, nikauanika. Ukarudi kuwa jasi ileile.

Picha ikatoka na mistari ya mwanzo. Bwana mkubwa akasema Anaeli hakuchoma kitu, ni mvivu na mwongo. Akamfukuza.

Tangu niugue, Anaeli huja kwangu Lemara kila Jumapili na ndizi za shambani kwake. Leo nikamweleza yote, nikilia.

Yeye anamenya ndizi tu.

"Najua, mzee mwenzangu. Nilikuona dirishani."

"Sasa huku unakujaga kufanya nini?"

"Kukutazama unavyoshindwa kulisema."

"Basi nisamehe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe? Thubutu! Jumapili nakuja tena. Usife kabla."

Jamani, akibisha hodi, nimfungulie?