Kura ya Shemeji

Asubuhi, mkahawani kwa Bev, wazee hurusha dadu kujua nani atawalipia wenzake kahawa. Siku ile dadu lilimwangukia Orrin Sletvold, diwani wa kaunti. Wendell, aliyekuwa akiuza matrekta hadi mgongo ulipomkatalia, akagonga meza kwa furaha.

"Mheshimiwa analipa leo! Lakini kwanza tuambie, Jumanne mnatuletea nini?"

Orrin alilipenda swali hilo kuliko kahawa yenyewe. Akaweka kikombe chini, akawapa yajayo pole pole, kama mtu anayetaja watoto wake. Kalvati ya bondeni imebomoka. Visu vya greda ya kusawazisha barabara vimekwisha. Magugu ya kando ya barabara yamefika kiunoni. Malori ya viazisukari, vile vinavyokamuliwa sukari, yamezichimba barabara za kaskazini, na mavuno mengine hayo yanakuja.

"Na nyumba ya wazee?"

Wendell aliuliza akishusha sauti. Wote walijua kwamba Ardis, mke wa Orrin, alilala kwenye nyumba ile tangu kiharusi kimwangushe. Nyumba ilikuwa ya kaunti, na kaunti ilitaka kuifunga.

"Na hiyo ipo," alisema Orrin.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi sioni kitu. Mwanasheria wa kaunti ameniambia nitoke nje. Mume hapigi kura juu ya kitanda cha mkewe."

Madiwani walikuwa watatu tu. Akitoka Orrin, wanabaki wawili. Lavonne Zerr, mwenyekiti, alikwisha sema mbele ya watu kwamba atafunga. Wa pili, Delmar Brekke, hakuwa amefungua mdomo. Delmar akikataa, ni mmoja kwa mmoja, hoja inakufa, nyumba inabaki. Na huyo Delmar na Ardis ni tumbo moja.

"Basi una bahati," alisema Wendell. "Kura iko kwa shemeji. Umeshamwambia?"

"Sheria hairuhusu."

Hapo mlango ukafunguka, akaingia Delmar mwenyewe, kofia usoni, vumbi la ngano mabegani. Orrin akainuka. Kikombe chake kilikuwa hakijafika nusu. Madiwani wawili kati ya watatu wakigusa mambo ya kaunti pamoja, huo tayari ni mkutano, na mkutano wa kujificha ni kosa. Wengine hukaa, wakazungumza habari za mvua. Orrin yeye hakutaka hata mtu adhani. Aliacha hela mezani, akapita.

"Shemeji," alisema Delmar.

"Shemeji."

"Kahawa imekuunguza?" akapaza sauti Wendell. "Bev, mfunikie mheshimiwa kikombe, atarudi shetani akiondoka!"

Wakacheka. Delmar hakucheka. Alisimama mlangoni akimtazama Orrin hadi pikapu ilipowaka.

Jumapili, baada ya kanisa, walikutana kitandani kwa Ardis, mmoja kushoto, mmoja kulia. Hapo hakuna aliyeweza kumkimbia mwenzake. Dirisha lilitazama ghala la nafaka. Delmar alikuwa ameweka kofia gotini.

"Mvua ya mawe imepiga kwenu?" aliuliza Orrin.

"Imegusa pembeni."

"Ngano?"

"Ipo."

Ardis alikuwa na upande mmoja tu wa mdomo uliomtii. Aliuvuta.

"Nyie... mmegombana?"

"Hatujagombana, mke wangu."

"Mbona... kama wageni?"

Delmar akageuza uso kwa Orrin. Akangoja. Aliigeuza kofia yake, akaipangusa ukingo, akairudisha gotini, bado anangoja. Orrin akalitazama ghala.

"Watapaka rangi lile mwaka huu," alisema.

Delmar akavaa kofia, akambusu dada yake kichwani, akaenda zake.

Kwenye korido, Jolene, muuguzi aliyemlisha Ardis, akamshika Orrin mkono.

"Mzee Sletvold, nisamehe. Mwombe yule. Neno moja tu."

"Siwezi, binti yangu."

"Kwa sababu ya sheria?"

"Sheria ipo. Halafu, mtu utamwombaje amhurumie dada yake? Ni kumtukana. Anajua."

Ndivyo walivyolelewa watu wa pale. Mwaka Orrin alipovunjika mguu, alisikia mashine shambani, akachungulia, akaona majirani wanamvunia ngano. Hakuwa amemwita yeyote, wala hakuna aliyengoja kuitwa. Na mashine ya mbele aliiendesha Delmar. Orrin aliishika siku ile kama amana. Hakuwaza kwamba mguu uliovunjika huonekana barabarani, na moyo hauonekani.

Jumanne ilifika. Waliapa mbele ya bendera, kama kila mkutano, wakakaa. Orrin alisema yake yote juu ya kalvati. Juu ya visu vya greda akasema zaidi ya ilivyohitajika, maana baada ya visu ilikuwa nyumba ya wazee. Lavonne akapiga mezani kidogo.

"Diwani Sletvold, tafadhali."

Akatoka. Kulikuwa na benchi kwenye korido, na mlango wa mbao usiozuia sauti. Akakaa, mikono mapajani, kama mtu aliye kwa daktari.

Lavonne akaeleza boila bovu la kupashia nyumba joto, mishahara, vitanda vitupu. Kisha akasema, "Diwani Brekke?"

Delmar akakohoa.

"Mimi nilingoja nisikie," alisema. "Nimekaa Jumapili zote na mume wa dada yangu. Hajasema neno. Mtu anayekitaka kitu hukisema. Naona naye amechoka. Simlaumu. Tufunge."

Orrin akainuka. Akashika kitasa. Sheria ilimtaka upande huu wa mlango. Mkono ukabaki kwenye kitasa mpaka Lavonne aliposema, "Imepita," kisha mlango ukavutwa kutoka ndani, naye akaingia akiyumba, na karani akamwambia, "Karibu uketi, diwani, tumefika kwenye magugu."

Akaketi. Akapiga kura juu ya magugu.

Nje, penye magari, alimfikia Delmar.

"Delmar. Dada yako."

"Ahaa. Leo una mdomo."

"Sheria ilinikataza."

"Sheria!" Delmar akacheka, mara ya kwanza mwaka ule. "Lavonne kanipigia simu nikiwa shambani, kanipigia nikiwa mezani. Kaniahidi barabara ya changarawe hadi mlangoni kwangu kabla ya malori ya viazisukari. Kaomba, nimempa. Wewe ulikuwa unatoka mkahawani mbio kama mimi nina ukoma."

"Ulijua ninachotaka."

"Nilijuaje? Ulinizungumzia rangi ya ghala."

"Ni dada yako, Delmar."

"Ni mke wako."

Delmar akapanda gari. Orrin alibaki na ufunguo mkononi, asijue ni wa nini.

Walimhamishia Ardis mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa gari njia ikiwa kavu. Chumba kilitazama ukuta. Huko hakuna aliyejua kwamba hulishwa kwa upande wa kulia. Aliuliza, "Tunarudi lini?" Orrin akasema karibuni. Baadaye hakuuliza tena. Theluji ya kwanza ilifunga njia. Greda za kaunti zilianza kuisukuma kaskazini, kwenye barabara mpya ya changarawe ya kwa Delmar, kama madiwani walivyopanga, na Orrin mwenyewe alikuwa ameupigia kura mpango huo. Simu ilimkuta jikoni, koti mwilini, akingojea barabara ifunguliwe. Ardis alikuwa ameshakwenda.

Walimzika. Delmar alibeba jeneza mbele, Orrin akatembea nyuma. Kwenye ukumbi wa kanisa wanawake waliwapa wote keki.

Wiki iliyofuata Orrin alirudi kwa Bev. Dadu likarushwa, likamwacha. Wendell, asiyejua kukaa kimya, akakuna shavu.

"Haya, mheshimiwa. Jumanne kuna nini?"

Orrin akaweka kikombe chini.

"Vitanda," alisema. "Vya nyumba ya wazee. Tunaviuza kwa mnada."

"Mama yangu anahitaji kitanda," alisema Wendell. "Vizima?"

"Vizima. Kile cha dirishani, gurudumu moja linakwama. Ukiinua kidogo, linakwenda."

Hakuna aliyeuliza amejuaje.

Mlango ukafunguka. Delmar akaingia, theluji mabegani, akasimama. Meza nzima ikamtazama Orrin. Orrin akatafuta ndani yake jambo moja la kumwambia mtu yule, la kaunti au la nyumbani, akakuta hakuna. Akaacha hela ambayo dadu halikumdai, akaacha na kikombe kikitoa mvuke.

"Shemeji," alisema Delmar.

Orrin akapita.