Ngano ya Mama Iliyomilikiwa na Serikali

Nilidhani ukiitaka sauti ya mama yako mzazi unaichukua tu. Kumbe ni mali ya serikali. Zamani maofisa wa utamaduni walikuja kwetu Msimbati na kinasa sauti, mama akawasimulia ngano ya binti aliyechukuliwa na bahari, na tangu hapo hakimiliki ikawa yao. Mimi nauza hadithi za kusikiliza kwenye simu, Mtwara mjini. Nikitaka kuiuza hiyo, niombe leseni. Leseni ya mama yangu?

Nikaomba hivyo hivyo, kwa sababu mama keshafariki na binti yangu hajawahi kumsikia. Walinizungusha, njoo kesho, njoo keshokutwa, hadi ikatoka. Sharti lilikuwa moja: nisiongeze neno wala nisipunguze.

Nikamwita mama mdogo tusikilize pamoja. Sauti ndiyo ile ile, na kikohozi chake. Machozi yakanitoka. Halafu kufika mwisho mama akasema, "Binti akafa huko huko. Yamekwisha."

Yule binti hafi. Sisi wanawe tulisimuliwa ngano hiyo mpaka tukaikariri, na kila mara binti alirudi na chumvi kwenye nywele, mama yake akamwosha.

"Mama mdogo, alisahau?"

"Asahau wapi. Sikiliza vizuri, wanawake wanabangua korosho uani. Ni mchana huo. Ngano haimaliziwi mchana, anayeimaliza anampoteza mtoto. Aliwakatia kwa mwisho wa uongo. Wageni wenyewe watajuaje? Wakashukuru, wakaenda zao."

Nikamsihi basi anisimulie yeye ule mwisho wa kweli, niurekodi, niuuze kando. Akaniangalia kana kwamba nimechanganyikiwa.

"Hiyo simu yako inajua kama jua limezama?"

Nikarudisha nyuma ile sauti. Chini ya maneno ya mama kuna kitoto kinalia, naye anakibembeleza huku anasimulia.

"Huyo nani?" nikauliza.

"Si ndiye wewe! Ulikuwa mgongoni mwake."

Nimeiweka sokoni kama ilivyo, maana ndivyo leseni inavyotaka. Juzi baada ya chakula cha mchana binti yangu alikuja na simu mkononi, macho yamemlowa.

"Mama, kwani bibi kasema yule binti amekufa?"

Jua lilikuwa la utosi. Nikamvuta nikampakata, mkubwa hivyo.

"Subiri lizame," nikamwambia.