Farasi Aliyeonewa Huruma

Zamani mtu alikwenda hadi uzioni kumtazama farasi usoni kabla ya kumbetia. Siku hizi analala kitandani na simu yake, anambetia farasi asiyemjua hata kwa rangi, katika nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani.

Adrien Ndikuriyo hakuwa na simu ya namna hiyo, wala hakuitaka. Alikuwa Mrundi, mlinzi wa lango katika jengo moja la magorofa Troyeville, mtaa wa Johannesburg, na Kiingereza chake chote alikipata katika gazeti la mbio za farasi, akilisoma ndani ya kibanda cha ulinzi na kamusi isiyo na jalada. Aliweza kueleza kwamba majani ya uwanja yana unyevu na kwamba namba sita hapendi unyevu, kabla hajaweza kumweleza daktari panapomuuma. Gazeti hilo lilimfundisha pia hesabu ya uzito. Farasi akishinda sana, wakubwa wa mbio humwongezea mzigo, vipande vya madini ya risasi vinavyotiwa kwenye tandiko, ili wanyonge nao wapate nafasi. Kazi ya mwenye kubeti ni kupima: mzigo huu, kwa farasi huyu, kwa umbali huu, ni haki au ni uonevu? Adrien alilipenda wazo hilo kuliko mahubiri mengi aliyoyasikia. Kumbe kuna mahali duniani ambapo mwenye nguvu hubebeshwa zaidi.

Lakini msimu mpya unapoanza, gazeti huwa bubu. Mwezi wa nane farasi hurudi Johannesburg kutoka Durban, wengine kutoka malishoni walikopumzishwa, na hakuna aliyeandika walikula nini huko, nani amenenepa, nani ameumia mguu na tajiri wake amenyamaza. Hesabu za mwaka uliopita ni za farasi wa mwaka uliopita. Hapo ndipo linapohitajika jicho, na jicho hilo lilikuwa la Mzee Vuai.

Vuai alitoka Pemba. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mabanda ya farasi kusini ya mji, akiwasugua manyoya, akiwaosha kwato, akilala nao walipougua, mpaka siku farasi mmoja alipompiga teke la nyonga akabaki anachechemea. Adrien aliwahi kulinda lango la mabanda hayo, na ndipo walipojuana, Waswahili wawili wa Kiswahili tofauti, juu ya birika moja la chai ya tangawizi. Baadaye Vuai aliuza mafuta ya manukato Fordsburg na kuishi Mayfair karibu na msikiti, lakini kila msimu ulipofunguliwa alitaka kwenda kuwaona farasi. Kubeti hakubeti. Kamari ni haramu, na hata ukimuuliza ni farasi gani atashinda, angekutazama kana kwamba umemwalika kwenye pombe.

Wa tatu wao alikuwa Pitchou, fundi cherehani wa Bertrams, mtu wa Lubumbashi. Adrien alimwokota mbele ya dirisha la kubetia, akimtukana kwa Kiswahili farasi mmoja, "punda" aliyekuwa ameingia wa mwisho.

Basi watatu hao walikuwa na desturi yao. Walisimama penye kiduara ambamo farasi huzungushwa kabla ya mbio, Vuai katikati, gazeti mkononi mwa Adrien. Vuai hakuwahi kumsifu farasi. Aliwaonea huruma tu. "Masikini namba mbili, mgongo unamuuma." "Masikini yule, hajalala." "Yule mwekundu ana kiu, wamemnyima maji, Mungu awasamehe." Kisha huenda zake nyuma ya majukwaa kusali adhuhuri, na akishapotea machoni, Adrien hutoa penseli na kuwafuta wote waliohurumiwa. Katika waliobaki ndimo alimopigia hesabu ya uzito. Miaka mingi walibeti hivyo, na hawakushinda utajiri, lakini walishinda kuliko wengi. Vuai alijua kwamba wenzake wanabeti. Aliwaombea dua kwa hilo. Hakujua kwamba huruma yake ndiyo iliyokuwa penseli.

Siku hizo majukwaa yalijaa. Wanaume walivaa kofia. Akina mama waliuza maini na chapati nje ya geti, na ulipoinama kusoma gazeti la jirani, jirani alilishusha kidogo usome vizuri. Mambo hayo yamekwisha. Sasa majukwaani kuna njiwa. Madirishani walipokaa wanawake waliokujua kwa jina kuna mashine, na vijana wakija hukaa ndani kwenye baridi ya kiyoyozi wakibetia farasi wa kuchorwa, wanaokimbia kwenye televisheni kila baada ya dakika chache. Farasi wasiokojoa, wasioumwa, wasiostahili huruma ya mtu.

Mwaka huu Nasra, binti wa Vuai, alikuwa amemkatia baba yake tiketi ya kurudi Pemba. Alisema mzee amechoka na mji huu si wa wazee. Ufunguzi wa msimu ungekuwa wa mwisho kwake. Kabla hawajaenda kumchukua, Adrien alikaa kwenye gari la Pitchou, gazeti likiwa limekunjwa magotini.

"Leo tusifute," alisema. "Leo tumsikilize tu, basi. Aende kwao salama."

Pitchou alikuwa akisubiri roboti, taa ya barabarani, iwake kijani. "Papa Adrien, siku ya mwisho ndiyo siku ya kufuta. Mwaka kesho nani atatuonea huruma?"

"Akijua je?"

"Atajua namna gani? Miaka yote hii hajajua."

Adrien alilikunjua gazeti, akalikunja tena. Alitaka jambo moja tu, mzee apande ndege bila kujua. Lakini alikuwa amelisoma gazeti wiki nzima na penseli ilikuwa mfukoni, nayo ilichongwa.

Walimkuta Vuai amesimama nje ya nyumba, koti limefungwa vifungo visivyolingana. Aliponyoosha mkono kumsalimia Pitchou, mkono ulipita pembeni ya mkono wa mwenzake, na Pitchou akaufuata na kuudaka.

"Papa Vuai, umefunga vifungo kama mtoto wa chekechea."

"Nasra anataka nionekane kijana."

"Bon, umefaulu. Kijana mwenye kulewa."

"Astaghfirullah," alisema Vuai akicheka. "Nikilewa mie, wewe utakuwa imamu wa Mayfair."

Njiani alikuwa mchangamfu. Aliuliza kama milima ya mchanga wa machimbo bado iko pale, na Pitchou akamwambia ipo, unaipita sasa hivi mkono wa kushoto, na Vuai akasema ndiyo, ndiyo, naiona. Adrien aliyasikia hayo. Aliyaweka mahali ambapo mtu huweka jambo asilotaka kulitazama.

Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa mkali, umebeba vumbi na harufu ya majani yaliyoungua. Farasi walitoka, manyoya yakiwa bado mazito ya baridi. Gazeti lilimwambia Adrien kwamba namba nne, wa kijivu, amepewa mzigo mwepesi kwa sababu ya mbio mbaya alizokimbia kabla ya mapumziko. Na yeye Adrien alikuwa amegundua kwamba mbio zile zilikuwa kwenye matope, na wa kijivu hapendi matope. Leo uwanja ulikuwa mkavu kama mfupa. Kwa hesabu yake, mbio hizi zilikuwa za namba nne. Wa pili alikuwa namba moja, mwekundu, aliyebebeshwa uzito wa kuwatosha farasi wawili.

Vuai alishika chuma cha uzio kwa mikono yote miwili. Farasi walipita mara ya kwanza, wakapita mara ya pili. Hakusema kitu. Pitchou alikohoa. Adrien alitazama viatu vyake.

Walipopita mara ya tatu, Vuai alisema, "Masikini yule wa kijivu."

"Iko na nini?" Pitchou aliuliza.

"Anajihurumia mguu. Wa mbele. Wangemwacha apumzike, masikini."

Adrien naye alimtazama namba nne kwa macho yake. Aliona farasi anayetembea vizuri, masikio mbele, kwato zinakaa sawasawa. Lakini nani alikuwa Adrien mbele ya jicho la Vuai? Alitoa penseli, akapiga mstari juu ya hesabu ya wiki nzima. Kwa mara ya kwanza aliupiga mzee akiwa bado amesimama pale.

Na Pitchou naye hakungoja. Zamani walilazimika kutembea hadi dirishani, na kwa kutembea huko desturi yao ilibaki na adabu. Sasa dirisha lilikuwa mfukoni. Alitoa simu, akagusa kioo mara kadhaa, akaweka kwa namba moja kila alichokuwa nacho, pamoja na fedha za vitambaa vya harusi ya watu.

Vuai alisali upesi, akarudi kwa kufuata uzio. Farasi walikimbia. Ardhi ilitetemeka chini ya viatu, jambo ambalo simu haijui kulileta, na katika kona ya mwisho namba moja alikuwa mbele, Pitchou ameshika kichwa chake kwa mikono miwili. Kisha mzigo ulianza kumvuta. Kutoka upande wa nje wa uwanja, peke yake, alikuja wa kijivu, mguu wa mbele ukipiga ardhi bila shaka yoyote, akampita, akaendelea kana kwamba mbio zilikuwa ndefu zaidi.

Pitchou aliishusha mikono kichwani. Halafu akageuka.

"Papa Vuai, umeniua leo."

"Mie? Nimekuuaje?"

"Umesema iko na mguu. Mguu gani? Mimi nimefuta ile farasi kwa sababu yako. Miaka yote unatuambia wagonjwa, tunawafuta, sisi tunabeti wazima. Leo umetuambia uongo."

"Pitchou," alisema Adrien.

"Niache, Papa Adrien. Na wewe umefuta. Penseli iko mkononi."

Vuai alikuwa ameelekeza uso katikati yao, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Mnafuta," alisema taratibu. "Bwana Adrien, tangu lini?"

Adrien angeweza kusema tangu leo. Uongo huo ungemtosha mzee mpaka Pemba, na labda mpaka kaburini. Lakini alikuwa ametazamwa na macho yasiyoona, na aligundua kwamba haiwezekani kuyadanganya hayo.

"Tangu mwanzo, mzee wangu."

Upepo ulipita na karatasi za watu. Vuai aliendelea kushika chuma.

"Mie simwoni farasi hata mmoja," alisema. "Tangu mwaka jana. Nasra ndiyo maana ananirudisha. Wote hawa kwangu ni kiza kinachopita. Yule wa kijivu ndiye pekee aliyeng'aa kidogo."

"Sasa kwa nini ukasema mguu?" Pitchou aliuliza, sauti imeshuka.

"Mlikuwa mnaningoja. Nilisikia mnavyoningoja, mmoja anakohoa. Nikaona aibu nisiseme kitu siku ya mwisho. Nilidhani mnapenda kunisikia."

Tulikuwa tunapenda, Adrien alitaka kusema, na ilikuwa kweli, lakini gazeti lilikuwa wazi mkononi mwake, na mistari ya penseli juu yake. Maneno ya namna hiyo hayasemwi na mtu mwenye ushahidi kama huo mkononi. Alilikunja. Alikuwa amechelewa.

"Mzee, twende nikurudishe nyumbani," alisema.

"Wewe baki," alisema Vuai. Hakusema kwa hasira. "Baki umalize mbio zako."

Ndege iliondoka wiki iliyofuata. Adrien alipompigia simu, Nasra alisema baba amelala, na mara ya pili akasema hivyohivyo. Pitchou alifunga cherehani yake kabla ya Krismasi, kuna waliosema yuko Cape Town. Mlinzi wa lango la Troyeville bado hununua gazeti msimu unapofunguka, hulisoma mpaka mwisho, na hampimi farasi yeyote.

Mara ya mwisho alipowaona ilikuwa siku ileile, kutoka pale uzioni alipoambiwa abaki. Vuai alikuwa ameanza kwenda getini peke yake, anachechemea, mkono mmoja mbele. Pitchou alisimama kidogo, kisha akamkimbilia, akampa kiwiko, na mzee akakishika kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Walipofika njia ya mabandani, wa kijivu alikuwa akipitishwa, jasho limemtoka, mtunzaji wake akitabasamu. Vuai alisikia kwato na kusimama. Haijulikani walimwomba nini mtunzaji, maana kwa Adrien yote hayo yalikuwa ya mbali, lakini farasi alisimamishwa, na mzee akainama kwa shida. Akaupitisha mkono kwenye mguu wa mbele, kuanzia begani kushuka gotini, polepole, mpaka kwenye ukwato, kama alivyofanya ujanani. Alikaa hapo muda. Aliponyanyuka alimwambia Pitchou jambo ambalo Adrien hakuweza kulisikia. Pitchou aliinamisha kichwa kusikia, mkono wake haukwenda mfukoni kwenye simu, na wawili hao wakaendelea kuelekea getini.